Mwongozo Kamili wa Kupata Kibali cha Kubadilisha Sura ya Nje ya Jengo Katika Eneo la Kihistoria

Mtu anayenunua au kurithi jengo lililo ndani ya eneo la kihistoria hupokea, pamoja na funguo, sharti moja ambalo mara nyingi hakuelezwa vizuri: kuta, paa, madirisha, milango, roshani na hata uzio havibadilishwi kabla ya kupata kibali cha chombo kilichokabidhiwa hifadhi ya eneo hilo. Mahali pengine chombo hicho huitwa bodi, pengine kamati au tume, na ziko nchi ambako kazi hiyo hufanywa na idara ya mipango miji au na mtaalamu mmoja wa serikali. Hapa nitakiita bodi, na mtumishi wake anayepokea na kuchambua maombi nitamwita afisa wa hifadhi. Nimemwandikia mwenye jengo ambaye hajawahi kuomba kibali cha namna hii, na ningependa aelewe mapema kwamba maombi mengi hufaulu au hukwama kabla ya fomu kujazwa, kutegemea jinsi mwombaji anavyolijua jengo lake mwenyewe.

Bodi inalinda nini

Jiji la Charleston, katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, lilitunga mwaka 1931 kanuni ya kwanza nchini humo ya kulinda eneo zima la kihistoria badala ya jengo moja moja. Ufaransa ilipitisha sheria yake ya maeneo ya hifadhi mwaka 1962. Jiji la New York lilipata sheria ya namna hiyo mwaka 1965, baada ya stesheni kubwa ya reli ya Pennsylvania kuanza kubomolewa mwaka 1963 huku wakazi wakitazama bila uwezo wa kisheria wa kuzuia. Uingereza nayo ilianzisha maeneo ya hifadhi kwa sheria ya mwaka 1967, na mji wa Stamford ndio uliokuwa wa kwanza kutangazwa.

Historia hii inajibu lalamiko ambalo maafisa wa hifadhi hulisikia kuliko mengine yote, yaani kwamba nyumba yangu ni ya kawaida na hakuna mtu mashuhuri aliyewahi kuishi humo. Katika eneo la kihistoria kinacholindwa ni mtaa wenyewe: mapaa yanayofuatana kwa kimo kinachokaribiana, kuta za mbele zilizosimama kwenye mstari mmoja, mpangilio wa madirisha, na vifaa vya ujenzi vinavyojirudia kutoka nyumba hadi nyumba. Jengo lisilo na sifa yoyote likipoteza sura yake, safu nzima hupata pengo. Kwa hiyo bodi haipimi kama badiliko lako linapendeza machoni, na mwombaji anayetumia muda wake kueleza uzuri wa anachokitaka anajibu swali ambalo hakuulizwa. Maswali ya bodi ni mawili: ni kitu gani cha asili kitakachopotea, na kitakachowekwa kitapatana vipi na jengo na majirani zake.

Hatua ya kwanza: fahamu jengo lako liko chini ya ulinzi gani

Ulinzi una aina nyingi, na kuzichanganya huleta hofu isiyo na msingi au uzembe wenye gharama. Nchini Marekani, kwa mfano, jengo kuwamo katika Daftari la Taifa la maeneo ya kihistoria peke yake hakumzuii mmiliki binafsi anayetumia fedha zake kulibadilisha. Kinachombana ni kanuni ya jiji au ya mji wake. Huko England, jengo lililo ndani ya eneo la hifadhi na jengo lililoorodheshwa lenyewe ni mambo mawili tofauti: la pili hulindwa nje na ndani, na kulifanyia kazi inayohitaji idhini bila idhini hiyo ni kosa la jinai. Baraza la mtaa pia linaweza kutoa agizo maalumu linaloondoa ruhusa za kawaida, na hapo hata kubadilisha mlango wa mbele kunaweza kuhitaji maombi. Nchini Ufaransa, jengo ambalo halina historia yoyote huweza kuguswa na sheria kwa sababu tu liko ndani ya mita 500 za mnara au jengo linalolindwa.

Nenda ofisi inayohusika ukiwa na anwani kamili au namba ya kiwanja, na uombe majibu kwa maandishi. Uliza kama jengo limehesabiwa kuwa miongoni mwa yanayochangia thamani ya kihistoria ya eneo, kwa kuwa yasiyochangia huwekewa masharti mepesi zaidi. Uliza pia kama kuna mwongozo wa usanifu wa eneo lenu, uusome wote, kisha uulize kuhusu miti, kwa maana wengi huisahau. Katika maeneo ya hifadhi ya England mwenye kutaka kukata au kupogoa mti wenye ukubwa unaotajwa na sheria hutakiwa kutoa taarifa wiki 6 kabla.

Hatua ya pili: tenganisha matengenezo na mabadiliko

Matengenezo ya kawaida, yanayorudisha kitu kilekile kwa kifaa kilekile na umbo lilelile, kwa kawaida hayahitaji kibali kamili. Kubadilisha ubao mmoja uliooza kwa ubao wa mti wa aina ileile, kuziba paa panapovuja au kupaka upya mbao zilizokuwa na rangi ni kazi za namna hiyo, ingawa baadhi ya maeneo husimamia hata rangi. Kinachohitaji kibali ni badiliko la kifaa, la umbo, la ukubwa au la mahali.

Mipaka hii haiko sawa kila mahali, na bodi nyingi zina ngazi za kibali. New York ina kibali cha kazi ndogo, ina hati inayothibitisha kwamba kazi haitagusa sehemu zinazolindwa, na ina kibali kamili kinachojadiliwa mbele ya tume katika kikao cha wazi. Ukiweza kuipanga kazi yako iingie katika ngazi inayoamuliwa na afisa bila kikao, unaokoa muda mwingi. Usidhani tu kwamba upande wa nyuma hauhusiki. Baadhi ya bodi hutazama kinachoonekana kutoka barabarani peke yake, nyingine hutazama kuta zote, na kona ambayo wewe huioni ukiwa uani huenda inaonekana vizuri kutoka uchochoro wa pili.

Hatua ya tatu: lichunguze jengo kabla ya kulichora

Hapa ndipo ninaposihi msomaji asiharakishe. Piga picha za kila upande, kwanza ukiwa mbali kiasi cha kuonyesha nyumba za jirani, kisha ukisogea hadi kwenye bawaba, vizingiti na viungo vya matofali. Tafuta picha za zamani katika maktaba, makumbusho, nyaraka za manispaa na kwa familia zilizokaa mtaani muda mrefu. New York ina bahati ya pekee, kwa kuwa kati ya mwaka 1939 na 1941 takriban kila jengo la jiji hilo lilipigwa picha kwa ajili ya kodi, na wamiliki bado hutumia picha hizo kuthibitisha sura ya mlango au ya duka. Pasipo na picha, ramani za zamani za bima ya moto huonyesha umbo la jengo, vifaa vya kuta na idadi ya ghorofa.

Kisha soma ushahidi ulio ukutani. Mashimo ya skrubu yaliyozibwa kwenye miimo huonyesha kwamba palikuwa na vibao vya kufunga dirisha, kivuli cha rangi hufichua umbo la nguzo iliyoondolewa, na matofali yasiyolingana na jirani zake husema kwamba dirisha lilizibwa. Andika kila unachokiona, na ukitenganishe na unachokikisia, kwa sababu bodi nyingi hufuata kanuni kwamba kilichopotea hurudishwa kwa ushahidi tu. Mwombaji anayetaka kuongeza mapambo ya kale ambayo jengo halikuwahi kuwa nayo, kwa nia njema kabisa ya kulifanya lionekane la kihistoria zaidi, atakataliwa, na ni haki akataliwe, maana anatunga historia ya uongo. Yapo pia mabadiliko ya zamani yaliyokwisha kupata thamani yake. Baraza iliyoongezwa miaka mingi baada ya nyumba kujengwa inaweza kuwa sehemu ya historia kama ukuta wenyewe, na huwezi kuiondoa kwa hoja kwamba si ya asili.

Hatua ya nne: karabati kwanza, badilisha baadaye

Kanuni hii ndiyo moyo wa viwango 10 vya ukarabati vinavyotumiwa na bodi nyingi za Marekani, na inapatikana kwa maneno mengine katika nchi nyingi: kilichochakaa hukarabatiwa, na kinachobadilishwa ni kile tu ambacho hakikarabatiki. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwombaji. Ukiandika kwamba madirisha ni mabovu bila kuonyesha lipi, sehemu gani na kwa kiasi gani, umeiachia bodi nafasi ya kukukatalia.

Nitakaa kidogo kwenye madirisha, kwa kuwa huleta mvutano mwingi. Dirisha la zamani la mbao liliundwa kwa vipande vinavyoweza kutenganishwa. Kinachooza kwanza karibu kila mara ni mbao ya chini ya fremu, mahali maji yanapotuama, na seremala stadi anaweza kukata kipande hicho peke yake, akaunga kipya na kuacha mengine yote. Mbao nyingi za enzi hizo zilitoka kwenye miti iliyokua polepole, zina nyuzi zilizobanana, na hudumu kuliko mbao nyingi zinazouzwa leo. Dirisha la plastiki lenye vioo viwili vilivyofungwa pamoja halina ukarabati wa namna hiyo: muhuri wake ukiachia, ukungu huingia katikati ya vioo, na kioo chote hutolewa kikawekwa kingine. Kama shida yako ni baridi, joto au kelele, pendekeza dirisha la pili upande wa ndani, ambalo halibadilishi chochote kwa nje, pamoja na kuziba mianya inayopitisha upepo. Mara nyingi hapo mgogoro huisha.

Palipo na ulazima wa kubadilisha, fanya jedwali la madirisha yote kwa namba, kila moja na picha na maelezo ya ubovu wake, halafu ulinganishe la zamani na jipya kwa vipimo: unene wa vijiti vinavyogawanya vioo, upana wa fremu, na kina ambacho dirisha limekaa ndani ya ukuta. Tofauti ya sentimita chache katika kina hicho huondoa kivuli, na ukuta uliokuwa na uhai huonekana kama karatasi iliyobandikwa picha. Bodi hutazama vivuli kwa makini kuliko waombaji wanavyodhani.

Jambo la pili ni chokaa na saruji. Kuta nyingi za zamani za matofali na mawe zilijengwa kwa udongo wa chokaa, ambao ni laini na hupitisha unyevu. Maji yanayoingia ukutani hutoka kupitia viungo, na viungo hivyo ndivyo vinavyochakaa kwanza badala ya tofali. Fundi akivijaza kwa saruji ngumu, unyevu hulazimika kutokea kwenye tofali lenyewe, chumvi hugandia ndani yake, na baada ya muda uso wa tofali humeguka. Ukarabati uliokusudiwa kuliokoa jengo huwa ndio unaoliharibu. Kwa hiyo eleza katika maombi mchanganyiko utakaotumika, rangi ya mchanga, umbo la kiungo, na namna udongo wa zamani utakavyotolewa. Kawaida ya kitaalamu ni kutoa kina cha mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wa kiungo, kwa patasi ya mkono panapokuwa pembamba, maana mashine ya kukatia huteleza na kuchana kingo za matofali. Usiombe kamwe kusafisha ukuta kwa kupuliza mchanga. Njia hiyo huondoa ngozi ngumu ya tofali iliyotokana na moto wa tanuri, na ngozi hiyo hairudi.

Hatua ya tano: sehemu mpya na vifaa vya kisasa

Nyongeza ya jengo hukubaliwa ikiwa ndogo kuliko jengo kuu, ikiwa nyuma au kando, na ikiwa inaweza kuondolewa siku moja bila kuacha jeraha kubwa. Inatakiwa ipatane na jengo la zamani kwa kimo, uwiano na vifaa, lakini mtazamaji makini aweze kutambua kwamba ni mpya. Waombaji wengi huona masharti haya mawili yakipingana, ilhali msanifu mzuri huyatimiza kwa mambo madogo, kama kuurudisha ukuta mpya nyuma kwa hatua moja na kurahisisha mapambo yake.

Paneli za jua zikae kwenye mteremko wa paa usioonekana kutoka barabarani, vipoza hewa na nyaya viende nyuma, na mabango yafungwe kwenye viungo vya ukuta badala ya kutoboa tofali. Njia ya viti vya magurudumu ina haki yake kisheria katika nchi nyingi. Vipimo vya Marekani, kwa mfano, haviruhusu mteremko uzidi 1 kwa 12, kwa hiyo pima nafasi mapema, kwani kizingiti cha sentimita 60 kinahitaji njia ya zaidi ya mita 7 bila kuhesabu sehemu za kupumzikia. Mlango wa pembeni mara nyingi hutoa suluhisho bora kuliko la mbele, mradi usiwafanye wenye ulemavu waingie kwa njia ya aibu.

Hatua ya sita: zungumza na afisa kabla ya kuwasilisha

Omba kikao cha awali ukiwa na picha na mchoro wa mkono, si michoro iliyokamilika. Mtu aliyekwisha kulipia michoro yote, au mbaya zaidi aliyekwisha kuagiza madirisha, husikiliza ushauri kwa moyo wa kujitetea. Muulize afisa ni kazi gani zinazofanana zimekubaliwa mtaani, zipi zimekataliwa na kwa sababu gani, kisha usome maamuzi hayo. Kwa maoni yangu saa moja ya mazungumzo haya ina thamani kuliko kurasa kumi za maelezo utakazoandika baadaye. Kumbuka tu kwamba afisa hutoa mapendekezo, na palipo na bodi, bodi ndiyo inayoamua.

Hatua ya saba: andaa jalada

Jalada zuri humwezesha mtu ambaye hajawahi kufika kwako kuelewa kilichopo, kitakachobadilika na kitakachobaki. Liwe na picha za sasa zenye maelezo, picha za zamani zilizopatikana, ramani ya kiwanja, na michoro ya kila ukuta unaohusika katika hali ya sasa na hali inayopendekezwa, yote kwa kipimio kimoja ili ilinganishwe bila kukisia. Ongeza mchoro wa mkato, yaani unaoonyesha sehemu kana kwamba imekatwa wima ili ndani yake ionekane, palipo na dirisha, mlango au ukingo wa paa, maelezo ya vifaa na namna ya kazi, na sampuli za tofali, kigae au rangi pale zinapotakiwa. Nyongeza ya ghorofa ionyeshwe pamoja na majengo ya pande zote mbili. Bodi nyingine huagiza mfano wa mbao na kitambaa usimamishwe juu ya paa ili waone kama utaonekana kutoka chini.

Barua ya maelezo iwe fupi. Taja vifungu vya mwongozo wa eneo vinavyohusika na ueleze unavyovitimiza, na kama kipo usichoweza kukitimiza, kiseme wewe kabla hakijagunduliwa. Jalada lenye upungufu halijadiliwi, hurudishwa, na ukikosa tarehe ya mwisho unasubiri kikao kinachofuata.

Hatua ya nane: majirani na kikao

Waonyeshe majirani michoro kabla hawajasoma tangazo. Jirani aliyeshangazwa huja kikaoni na hofu, na hofu hiyo huingia katika kumbukumbu kama pingamizi. Siku ya kikao fika na mtu anayeweza kujibu maswali ya kiufundi, msanifu au fundi mwenyewe, na ueleze mambo kwa mpangilio wa jengo: kilichopo, ubovu wake, pendekezo, njia nyingine ulizozipima. Usijitetee kwa kutaja nyumba ya fulani iliyobadilishwa vibaya, kwa kuwa huenda ilibadilishwa kabla ya kanuni kuwapo, na kosa la zamani halihalalishi jipya. Wajumbe wakipendekeza marekebisho usiyoweza kuyapima papo hapo, omba shauri liahirishwe. Kuahirisha ni bora kuliko kukataliwa, na ni bora pia kuliko kukubali sharti usiloweza kulitekeleza.

Hatua ya tisa: uamuzi

Uamuzi huwa wa kukubali, kukubali kwa masharti, kuahirisha au kukataa. Masharti yana nguvu ileile ya kibali, kwa hiyo mpe fundi nakala yake, si ya michoro peke yake. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kwa kuwa mara nyingi ndani yake mna njia ya pendekezo la pili, na zingatia muda wa rufaa tangu siku ya kwanza. Sheria nyingi hutoa pia nafasi ya kudai ugumu wa kiuchumi, lakini hoja hiyo inahitaji hesabu za kweli za gharama na mapato, wala haitoshi kuonyesha kwamba ungepata faida zaidi kwa njia nyingine. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo katika shauri la stesheni ya Grand Central ya New York, ambapo wamiliki walitaka kujenga mnara wa ofisi juu yake: matumizi ya jengo kama lilivyo yalikuwa bado yanaleta mapato ya haki, na katazo halikuwa kunyang'anywa mali.

Hatua ya kumi: wakati wa kazi na baada yake

Kibali cha bodi hakichukui nafasi ya kibali cha ujenzi, na vyote viwili huwa na tarehe ya kuisha. Kabla fundi mwashi hajaendelea, mwambie ajaze sehemu ndogo ya ukuta kama sampuli, iache ikauke, kisha afisa aitazame penye mwanga wa mchana, kwa maana chokaa mbichi na iliyokauka hazina rangi moja. Ukikuta jambo lisilotarajiwa nyuma ya lipu, kama boriti iliyooza au dirisha la zamani lililozibwa, simamisha sehemu hiyo, piga picha na uombe marekebisho ya kibali. Marekebisho yanayoombwa mapema mara nyingi huamuliwa na afisa peke yake. Aliyefanya kazi bila kibali naye asifiche: aombe kibali cha baadaye akiwa na picha za hali ya mwanzo, akijua kwamba anaweza kuamriwa kurudisha alichoondoa, na kwamba kazi isiyo na kibali huibuka tena siku ya kuuza.

Kazi ikikamilika, piga picha kutoka sehemu zilezile ulizosimama mwanzoni, omba ukaguzi wa mwisho, na uweke pamoja kibali, michoro, kanuni ya mchanganyiko wa chokaa, jina la rangi na risiti za vifaa. Jalada hilo likabidhiwe kwa mmiliki atakayefuata pamoja na hati ya nyumba, ili naye atakapotaka kugusa ukuta aanze kuuchunguza pale wewe ulipoishia.